Kujikinga na Kuua katika Vitabu vya Hadithi

Katika muhula huu sisi wa darasa la juu tumekuwa tukibishana juu ya jambo moja, na mabishano hayo yametoka darasani yakaingia bwenini, yakafika hata mezani pa chakula. Jambo lenyewe ni hili: mtu wa hadithi akimwua mwenzake, sisi tunaosoma tutajuaje kama amejikinga tu, au ameua kwa kukusudia? Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niyaeleze mabishano hayo kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo. Nimekubali, ingawa siwezi kuyaandika kama mtu asiye na upande. Sababu yake nitaitaja huko mbele.

Wengi hudhani kwamba jambo hili ni jepesi. Husema kwamba aliyeanza ndiye mkosaji, na aliyejibu ana haki yake. Kama ingekuwa hivyo waandishi wasingalijisumbua, maana ingetosha kutuambia nani aliyetoa kisu kwanza, kisha tukaenda kulala. Lakini tazameni vitabu ambavyo watu hawachoki kuvisoma. Ni mara chache sana mtu huuawa humo kwa namna iliyo wazi kabisa.

Kabla ya kuvifungua vitabu hivyo nataka nikumbushe sheria moja ya kale. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, imo amri fupi juu ya mwizi anayevunja nyumba. Akipigwa usiku hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limekwisha kuchomoza, aliyempiga ana hatia. Mwizi ni yule yule, nyumba ni ile ile, na fimbo ni ile ile. Kilichobadilika ni saa tu. Usiku mwenye nyumba haoni kama mtu yule amekuja kuchukua mbuzi au kuchukua roho, wala hana jirani aliye macho wa kumwita. Mchana anaona, na anaweza kupiga kelele akasaidiwa. Naye Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba mtu anaweza kuilinda roho yake hata ikiwa adui atakufa, lakini asikikusudie kifo hicho, wala asitumie nguvu zaidi ya zile zinazotosha kumzuia adui. Mahakama za nchi zetu za Afrika Mashariki, zilizorithi sheria ya Kiingereza, nazo huuliza karibu maswali hayo hayo: je, hatari ilikuwapo, na je, nguvu zilikuwa za kadiri?

Basi mimi nashika kwamba mstari tunaoutafuta uko katika saa. Kujikinga huishi muda ule tu ambao hatari inaishi. Hatari ikifa, na mkono ukaendelea, hapo jambo jingine limeanza hata kama mkono wenyewe haujui. Na waandishi wakubwa hupenda kuziweka hadithi zao papo hapo, katika dakika ile ambayo hatari imekwisha na mkono bado haujasimama.

Mfano mmoja wanaujua wote waliosoma Romeo and Juliet ya Shakespeare. Tybalt anamtafuta Romeo ili wapigane. Romeo hataki, kwa sababu saa ile ile ametoka kumwoa Juliet kwa siri, na Tybalt ni jamaa ya Juliet. Rafiki yake Mercutio anaona kukataa huko ni aibu, anachomoa upanga. Romeo anaingia katikati kuwaamua, na Tybalt anamchoma Mercutio kwa kupitisha upanga chini ya mkono wa Romeo, kisha anakimbia. Mercutio anakufa. Kama mchezo ungeishia hapo, Tybalt ndiye mwuaji na hakuna neno. Lakini Tybalt anarudi, na safari hii Romeo anapigana naye na kumwua.

Wenzangu watatu walisema kwamba hapa Romeo amejikinga, kwa kuwa Tybalt alirudi na upanga wake mkononi. Ni kweli alirudi. Lakini Romeo hakungoja kushambuliwa. Yeye ndiye aliyemwita, akasema kwamba roho ya Mercutio inangoja mmoja wao aifuate. Maneno hayo si ya mtu anayetafuta njia ya kupona. Sheria yetu inaijua hali hiyo pia, ya mtu aliyeua katika ghadhabu kabla moyo haujapata muda wa kupoa, nayo hupunguza kosa lake bila kulifuta. Mtawala wa Verona alifanya vivyo hivyo. Alikuwa ametangaza kifo kwa watakaopigana barabarani, lakini Romeo alimfukuza mjini tu.

Jambo linalonisumbua zaidi katika tendo lile ni ushahidi wa Benvolio. Yeye alikuwapo, akaona yote, na mtawala anamwambia aeleze. Anaeleza vizuri, hata kisasi cha Romeo hakifichi. Lakini mama yake Juliet anapiga kelele kwamba Benvolio ni jamaa ya Romeo na kwa hiyo anasema uongo, tena anadai kwamba watu kama ishirini walimshambulia Tybalt mmoja. Sisi wasomaji tunajua kwamba huo wa ishirini ndio uongo, kwa sababu tuliyaona mambo kwa macho yetu jukwaani. Lakini mtawala hakuyaona. Yeye alikuwa na mdomo wa shahidi tu, na shahidi ni rafiki ya mwuaji. Naomba mlikumbuke hilo.

Sasa nije kwenye kitabu kilichowasha moto wote huu. Ni L'Étranger cha Albert Camus, Mfaransa aliyezaliwa Algeria, kilichotoka mwaka 1942. Mwenye kusimulia ni Meursault, karani katika mji wa Algiers. Jirani yake Raymond amempiga mwanamke wa Kiarabu aliyekuwa hawara yake, na ndugu wa mwanamke huyo anamfuatafuata Raymond pamoja na wenzake. Jumapili moja wanakutana pwani. Wanapigana, na Raymond anakatwa kisu mkononi na mdomoni. Baadaye Raymond anarudi na bastola, na Meursault anaichukua kutoka kwake ili asije akaua mtu. Mpaka hapo Meursault ni mpatanishi, na mtu wa busara kuliko wote waliokuwapo.

Kisha, kwa sababu ya jua na uvivu wa kupanda ngazi za nyumba ya wenyeji wake, anarudi peke yake pwani mpaka kwenye chemchemi, na bastola imo mfukoni. Mwarabu yule amelala kivulini. Meursault mwenyewe anasema kwamba alifikiri kugeuka tu kungetosha kuyamaliza mambo. Hakugeuka. Alipiga hatua moja mbele. Mwarabu, bila kuinuka, akatoa kisu, na mwanga wa jua ukaruka juu ya chuma ukampiga Meursault machoni, ambapo jasho lilikuwa linaingia. Hapo risasi ikatoka. Akatulia kidogo. Halafu akapiga risasi nne zaidi katika mwili usiotikisika.

Mwalimu wetu wa fasihi aliandika ubaoni: 1 + 4. Akauliza, “Mnazihukumuje?” Darasa likacheka, maana ilionekana kama hesabu ya watoto wadogo. Lakini hebu jaribuni kuijibu. Kwa risasi ya kwanza wakili hodari angekuwa na la kusema: kisu kilikuwa wazi, na kisu hicho hicho kilikuwa kimekwisha kumkata mtu siku ile. Angejibiwa, nadhani kwa haki, kwamba aliyekwenda mwenyewe mpaka kwenye hatari, naye akiweza kugeuka, hawezi kudai kwamba hatari ilimfuata. Basi juu ya risasi ya kwanza watu wenye akili wanaweza kutofautiana. Juu ya zile nne sioni namna. Mtu amelala, kisu hakina mkono unaokishika, hakuna wa kukingwa. Hakimu wa upelelezi aliliona jambo hili kuliko wote kitabuni, maana alimwuliza Meursault mara nyingi kwa nini alingoja baada ya risasi ya kwanza, na kwa nini aliupiga mwili uliokuwa chini. Meursault hakumpa jibu lolote.

Ajabu ni kwamba kesi ilipofika mbele ya baraza, kisu na zile risasi zilikaribia kusahauliwa. Mwendesha mashtaka alisema sana juu ya mazishi ya mama yake Meursault: hakulia, alikunywa kahawa kando ya jeneza, na kesho yake alikwenda kuona sinema ya kuchekesha pamoja na msichana. Akahukumiwa kufa. Camus alitaka tuone jinsi mahakama inavyoweza kumhukumu mtu kwa tabia yake badala ya tendo lake, na katika hilo alifaulu. Lakini mimi naona alifaulu kupita kiasi, maana wengi wetu tulimaliza kitabu tukimhurumia Meursault, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina la aliyeuawa. Halimo. Kitabu kizima ni “Mwarabu” tu.

Sasa nitaje sababu yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwizi aliingia usiku katika boma la baba yangu mdogo, nami nilikuwa nimelala huko kwa sababu ya likizo. Baba mdogo aliamka akapiga yowe, akatoka na rungu, na mimi nikapewa taa nimmulikie. Mwizi alikuwa mlangoni mwa zizi. Alipigwa pigo moja la bega, akakimbia kuelekea migombani, na watu waliokuwa wameamka wakamfuata. Nilikuja nyuma na taa. Nilipofika alikuwa chini, na waliendelea kumpiga. Wangapi, na mara ngapi, sikuhesabu. Asubuhi alikuwa amekufa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja na askari. Waliwauliza wakubwa, na wakubwa wote wakasema kwamba mwizi aligeuka kule migombani akainua panga. Kisha wakaniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na taa. Nikasema, “Aligeuka.” Hakuna aliyenifundisha kusema hivyo. Nilimpenda baba mdogo, naye alikuwa akinitazama. Ukweli ni kwamba sikumwona akigeuka. Nilimwona mgongo wake akikimbia, kisha nikamwona chini. Panga lilionyeshwa baadaye, nami sijui lilikuwa la nani, maana kila nyumba ina panga.

Siku ya tatu mama yake alikuja. Hakutukana mtu. Aliuliza tu mwanawe aliangukia wapi. Alipoonyeshwa, alisimama pale akatazama mlango wa zizi kwa mbali, kisha akatazama upande ule mwanawe alikokuwa akikimbilia, kwenye njia ya kwenda kwao. Alikaa hivyo kitambo kirefu, akaenda zake. Ndiyo maana sikucheka mwalimu alipoandika 1 + 4.

Katika maktaba yetu kimo kitabu ambacho, nikiulizwa, nitasema kila aliyesoma L'Étranger hana budi kukisoma. Kimetungwa na Kamel Daoud wa Algeria, kikatoka huko mwaka 2013 kwa jina la Meursault, contre-enquête. Anayesimulia ni mzee aitwaye Haroun, naye ndiye ndugu wa yule Mwarabu aliyeuawa pwani. Neno la kwanza analolifanya ni kumpa marehemu jina: Musa. Anasimulia jinsi mama yao alivyozunguka miaka mingi akitafuta habari za mwanawe, na kuhifadhi vipande vya gazeti ambavyo hakuweza kuvisoma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hadithi ya kuua hupinda kwa kufuata macho ya anayeisimulia. Ukitaka kujua kama mtu wa hadithi amejikinga kweli, isimulie upya ukikaa upande wa mama wa marehemu, uone kama itasimama.

Lakini Daoud hakuishia hapo, na hili ndilo lililonistaajabisha. Haroun mwenyewe naye anaua. Vita vya Algeria vimekwisha, uhuru umepatikana tarehe 5 Julai 1962, na katika siku zile zile za kwanza Mfaransa mmoja, Joseph, anaingia usiku kujificha katika nyumba yao. Haroun anampiga risasi, na mama yupo nyuma yake. Anapokamatwa, ofisa wa wapiganaji wa uhuru hamlaumu kwa kumwua Mfaransa. Anamlaumu kwamba alichelewa! Angemwua kabla ya uhuru pamoja na wapiganaji wengine, ingekuwa vita. Sasa imekuwa kitu kingine ambacho ofisa hana jina lake. Mwishowe Haroun anaachwa huru bila kesi. Tazameni jinsi amri ile ya Kutoka ilivyorudi: mtu ni yule yule na bunduki ni ile ile, lakini jua limechomoza. Nadhani Daoud anamcheka ofisa yule, maana kwa Joseph saa haikubadilisha kitu. Alikuwa mtu aliyejificha gizani kwa hofu, siku ile kama angalivyokuwa wiki moja kabla.

Wenzangu wa upande wa utetezi hupenda kuleta To Kill a Mockingbird cha Harper Lee, cha mwaka 1960, nao wana haki, kwa kuwa humo mna mfano ulio safi kuliko yote. Bob Ewell anawavamia watoto wawili gizani wakitoka kwenye tamasha la shule. Anamvunja kijana Jem mkono. Dada yake Scout anaokolewa na vazi la waya alilovaa, lililotengenezwa mfano wa paja la nguruwe. Jirani yao Boo Radley, mtu asiyetoka nyumbani kamwe, anatoka, na Ewell anakutwa amekufa kwa kisu cha jikoni. Hatari ilikuwapo, watoto walikuwa mikononi mwa yule mtu, na jirani hakuendelea baada ya hapo. Alimbeba Jem akampeleka kwao. Nakubali kabisa. Hata hivyo mkuu wa polisi anaamua kutangaza kwamba Ewell aliangukia kisu chake mwenyewe, ili kumwokoa Boo na macho ya watu. Hapo ndipo ninapokwama. Mtu aliyefanya haki amefichwa kwa uongo, na sisi wasomaji tunashangilia.

Tena katika kitabu hicho hicho Tom Robinson, mtu mweusi aliyehukumiwa bila kosa, anapigwa risasi na walinzi akijaribu kuruka uzio wa gereza. Walisema walimwonya kwanza. Mwilini mwake kulikuwa na matundu ya risasi kumi na saba. Mtu anayekimbia kuelekea ukutani, mgongo umewaelekea wenye bunduki, anakingiwa nini hata mara kumi na saba?

Juu ya Okonkwo wa Chinua Achebe, ambaye kwa Kiswahili tunamjua tangu 1973 kwa kitabu cha Shujaa Okonkwo, mabishano yetu yalikuwa makali, nami nitayapita upesi kwa kuwa hatukupatana. Bunduki yake ilipopasuka kwa bahati mbaya mazikoni ikamwua kijana wa miaka kumi na sita, watu wa Umuofia waliijua tofauti: walimhamisha miaka saba bila kumchukia. Lakini alipomkata tarishi wa serikali aliyekuja kuzuia mkutano, kijiji chake chenyewe kiliuliza kwa nini amefanya vile. Wenzangu wanasema alikuwa akiikinga nchi yake. Huenda. Ila Achebe ameandika kwamba tarishi aliinama kulikwepa panga, na kwamba panga lilishuka mara mbili. Nimejifunza kutazama hesabu hizo.

Chama chetu cha mdahalo kitaisikiliza kesi ya Meursault Ijumaa ya mwisho ya muhula, katika ukumbi, baada ya chakula cha jioni. Hapo mwanzo nilikuwa nimeandikwa upande wa utetezi, kwa sababu inasemekana nina ulimi. Nimemwomba katibu anihamishie upande wa mashtaka, naye amekubali. Sitasema neno juu ya kahawa wala sinema. Upande wa utetezi sasa unahitaji msemaji wa pili, na anayetaka na ampelekee katibu jina lake kabla ya Jumatano.